Kupaka Matunda Utando wa Asili Unaolika: Mwongozo kwa Joto na Unyevu wa Dar es Salaam

Tunda likishachumwa halijafa. Linaendelea kupumua: linavuta oksijeni, linatoa kabonidayoksaidi, linatumia sukari yake lenyewe na kuzalisha joto, na wakati huohuo linapoteza maji kupitia ngozi na kovu la kikonyo. Kazi hizo huongezeka kasi mara mbili hadi tatu kila joto linapopanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi. Ndiyo sababu embe ambalo lingeweza kukaa wiki mbili katika chumba chenye nyuzi 13 hulainika ndani ya siku chache katika genge la Buguruni au Temeke Stereo mwezi Januari, wakati joto la mchana linapozunguka nyuzi 31 na 32.

Utando unaolika ni tabaka jembamba sana la kitu cha chakula linalopakwa juu ya ngozi ya tunda ili kupunguza kasi ya kupumua, kuzuia maji yasitoke haraka, au kufanya yote mawili. Jambo lenyewe si geni. Wachina walikuwa wakipaka nta machungwa na malimau tangu karne ya 12, na matufaha yanayong'aa kutoka Afrika Kusini, yale yanayouzwa hata kwenye foleni za magari hapa mjini, kwa kawaida yamepitishwa kwenye nta kabla ya kufungwa katika maboksi. Mwongozo huu unaeleza namna ya kufanya kazi hiyo kwa muhogo, nta ya nyuki, gundi ya migunga na mshubiri, kwa kiasi kinachofaa nyumba, genge au mfanyabiashara mdogo. Msomaji asitarajie maajabu. Utando ni breki tu: haurudishi nyuma tunda lililokwisha kuiva, hauui funza aliyekwisha kuingia ndani, wala hauchukui nafasi ya ubaridi.

Jua kwanza tunda lako linaharibika kwa njia gani

Watu wengi huanza kwa kutafuta kitu cha kupaka, na hapo ndipo wanapopoteza fedha, kwa kuwa kila aina ya utando huzuia kitu chake. Wanga na gundi huzuia hewa vizuri, hivyo huchelewesha kuiva, lakini kwa kuwa vyenyewe hupenda maji, mvuke hupenya kwa urahisi. Nta na mafuta huzuia mvuke vizuri, hivyo tunda halinyauki haraka, lakini vikizidi huliziba tunda kabisa likakosa pumzi. Kabla ya kununua chochote, basi, ni lazima ujue tunda lako linakuponyoka kwa kuiva au kwa kukauka.

Embe, ndizi, papai, parachichi, pera, pasheni na hata nyanya ni matunda yanayoendelea kuiva baada ya kuchumwa. Hutoa gesi iitwayo ethilini, ambayo huyaamsha yenyewe na majirani zake, na ndiyo maana ndizi mbivu zikiwekwa karibu na maembe mabichi, maembe hayo huiva kwa haraka. Kwa matunda haya, utando unaopunguza oksijeni inayoingia hupunguza pia utengenezaji wa ethilini, na kuiva kunachelewa. Upakaji una faida pale tu tunda linapokuwa limekomaa lakini bado gumu. Dodo lililokwisha kuwa laini halina cha kucheleweshwa.

Machungwa, machenza, malimau, ndimu na mananasi hayaivi zaidi baada ya kuchumwa. Chungwa la Muheza linalofika Dar likiwa na ngozi ya kijani si lazima liwe bichi, kwani katika maeneo yenye usiku wa joto ngozi ya chungwa haigeuki rangi kikamilifu hata linapokuwa tamu. Linachopoteza ni maji, hasa likiwa limesafiri juu ya lori huku likipigwa na upepo njia nzima, na ngozi yake hukakamaa na kusinyaa. Hapo nta ndiyo yenye faida, na wanga peke yake hautasaidia sana.

Pasheni iko katikati: inaiva, lakini kinachoifanya ikataliwe na mnunuzi ni mikunjo ya ngozi, yaani ukosefu wa maji, kwa hiyo huhesabiwa pamoja na machungwa katika kazi hii. Nanasi la Kiwangwa lina ngozi nene na shida yake kubwa ni michubuko na kuoza kwenye kikonyo, hivyo utando hauleti tofauti inayolingana na kazi yake. Tikiti halihitaji. Stafeli na topetope zina ngozi laini isiyovumilia kuzamishwa na kugeuzwageuzwa, na ushauri wangu ni kuziuza mapema.

Kuna jambo moja la Dar ambalo maandishi mengi ya nje hayalizingatii. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na kwa sababu hiyo maji hutoka ndani ya tunda polepole kuliko ambavyo yangetoka Dodoma au Singida, ilhali kuiva na ukungu huenda mbio zaidi. Mtu wa Dodoma anaweza kuweka mkazo kwenye kuzuia ukavu. Mtu wa Dar apambane zaidi na kuiva na kuoza. Unyevu huohuo ndio unaofanya chombo cha mkaa kinachomwagiwa maji, ambacho hupoza vizuri sana bara, kisipoze kwa kiasi kinachoridhisha hapa.

Vitu vya kupakia

Wanga wa muhogo ndio ninaouweka mbele kwa maembe, mapapai, maparachichi, nyanya na ndizi. Hauna ladha, hauna rangi, ni rahisi kupatikana, na ukikauka unaacha utando angavu usiotofautiana na ngozi ya tunda. Wanga si sawa na unga wa makopa unaopikiwa ugali. Unga huo una nyuzinyuzi, na ukiutumia utaacha madoa meupe na uchafu unaolisha ukungu. Kama hupati wanga uliosafishwa, unaweza kuutengeneza. Menya muhogo mbichi mtamu, ukwangue kwa kikwangulio kidogo cha nazi au usage kwa blenda pamoja na maji mengi, uukamue katika kitambaa chepesi, kisha uyaache maji hayo meupe yatulie kwa saa tatu au nne. Wanga utazama chini. Mwaga maji ya juu, ongeza maji safi, koroga, acha utulie tena, na urudie hadi maji ya juu yawe angavu, bila rangi ya njano wala harufu. Anika wanga juani kwenye kitambaa safi siku hiyohiyo, kwani ukiachwa na maji usiku kucha utachacha. Kilo moja ya muhogo mbichi kwa kawaida haifikishi robo kilo ya wanga mkavu, lakini kiasi hicho kinatosha matunda mengi.

Wanga peke yake hukauka ukawa mgumu na kupasukapasuka, hasa ngozi ya tunda inapojikunja. Gliserini huufanya uwe laini. Nunua ile ya duka la dawa isiyo na manukato, na usome kibandiko kuona kama inaruhusiwa kuliwa, maana nyingine zimetengenezwa kwa ajili ya kupaka mwilini tu na zimechanganywa na vitu visivyo vya chakula.

Nta ya nyuki hutoka kwa wingi Tabora, Katavi na Singida, na wauzaji wa asali jijini mara nyingi huwa nayo au hujua ilipo. Nta halisi hunuka asali kwa mbali, huyeyuka kwenye nyuzi kati ya 62 na 64, na ukiisugua vidoleni haiachi mafuta. Iwapo inanuka mafuta ya taa au inateleza kama mshumaa wa dukani, iache, kwa sababu inaelekea imechanganywa na parafini. Mshumaa wa dukani haupaswi kugusa tunda la kuliwa kwa namna yoyote, sawa na vaselini na mafuta ya nywele, ambavyo nimesikia vikitumiwa na watu wanaotaka mng'ao wa haraka.

Gundi ya migunga, ambayo wengine huiita gundi arabu, hufanya kazi inayofanana na ya wanga, na kwa nyanya imechunguzwa vizuri: utafiti uliofanywa Malaysia na kuchapishwa mwaka 2010 ulionesha kwamba nyanya zilizopakwa mchanganyiko wenye asilimia 10 ya gundi hiyo ziliiva polepole zaidi kuliko zisizopakwa zilipohifadhiwa kwenye nyuzi 20. Ubaya wake ni kwamba asilimia 10 ni gramu 100 kwa kila lita, wakati wanga unatosha gramu 30, kwa hiyo gharama yake ni kubwa zaidi. Faida yake ni kwamba haihitaji kupikwa sana. Huyeyuka katika maji ya uvuguvugu ikikorogwa kwa subira na kuchujwa.

Mshubiri, ambao wengi mjini huuita alovera, unasifiwa mno kuliko unavyostahili kwa mazingira yetu. Sifa hizo zina chanzo cha kweli: mwaka 2005 watafiti wa Hispania waliripoti kwamba zabibu zilizopakwa ute wa mshubiri zilidumu hadi siku 35, ilhali zisizopakwa zilikuwa nzuri kwa siku 7 tu. Lakini zabibu hizo zilihifadhiwa kwenye nyuzi 1. Anayepaka papai kwa ute huohuo na kuliacha mezani Mbagala asidhani atapata wiki tano. Ute huu unafaa kwa zabibu za Dodoma na matunda mengine madogo yatakayokaa kwenye jokofu, kwa kuwa una uwezo fulani wa kuzuia ukungu. Ukiutumia, simamisha majani yaliyokatwa kwa takribani saa moja ili utomvu wa njano utiririke wote, kwani utomvu huo ni mchungu na huharisha. Kisha toa ngozi, osha ute, usage, uchuje, uupashe moto hadi nyuzi 70 kwa dakika chache, upoze haraka, changanya na maji safi kwa kiasi kinacholingana, na uutumie siku hiyohiyo.

Kitozani, kinachotengenezwa kutokana na maganda ya kamba, kimefanyiwa utafiti mwingi na huzuia ukungu kuliko vyote nilivyotaja. Hata hivyo, kukitengeneza kunahitaji magadi makali na asidi, na hiyo si kazi ya jikoni. Ukikipata kikiwa tayari cha daraja la chakula, kumbuka kwamba baadhi ya watu huathirika na vyakula vya jamii ya kamba, hivyo ni lazima mnunuzi aambiwe. Jelatini nayo ina swali lake: mara nyingi hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, pengine nguruwe, na katika mji ambao wateja wengi ni Waislamu, asiyejua chanzo cha jelatini yake asiiweke kwenye tunda la mtu.

Kazi kabla ya kupaka

Utando hufunga ndani kila ulichokiacha juu ya ngozi. Kwa sababu hiyo, kuchagua na kuosha ni sehemu kubwa ya kazi kuliko kupaka kwenyewe.

Chagua matunda yaliyokomaa, magumu, yasiyo na mchubuko, yasiyo na tundu. Nzi wa matunda mwenye asili ya Asia, aliyegunduliwa Afrika Mashariki mwaka 2003, hutaga mayai chini ya ngozi ya embe na kuacha alama ndogo kama imechomwa na sindano. Tunda la namna hiyo likipakwa litaoza ndani ya koti zuri, na litaambukiza mengine. Embe liwe limekatwa na kikonyo chenye urefu wa sentimita moja hivi, na liwe limelazwa kikonyo kikiangalia chini hadi utomvu wake ukauke, kwa kuwa utomvu huo huunguza ngozi na kuacha madoa meusi ambayo utando utayahifadhi.

Osha kwa maji safi kwanza ili kuondoa udongo. Baada ya hapo, zamisha matunda katika maji yenye klorini. Dawa ya kawaida ya kung'arisha nguo nyeupe huwa na takribani asilimia 3.5 ya hipokloraiti ya sodiamu. Ukipima vijiko vinne vya chakula, yaani mililita 60, kwa ndoo ya lita 20, utapata nguvu ya sehemu 100 hivi kwa milioni, inayotosha. Hakikisha dawa hiyo haina manukato, na usiichanganye na sabuni, siki wala ndimu. Matunda yakae humo dakika mbili hadi tatu, kisha yasuuzwe kwa maji ya kunywa. Maji haya hupoteza nguvu kadiri uchafu unavyoongezeka, kwa hiyo yabadilishwe yanapobadilika rangi.

Kwa maembe, ambayo hushambuliwa sana na ugonjwa wa chule, ule unaoonekana kama madoa meusi yanayopanuka tunda linapoanza kuiva, kuzamisha katika maji ya nyuzi 52 kwa dakika tano kabla ya kupaka hupunguza madoa hayo kwa kiasi kikubwa. Sharti uwe na kipimajoto. Nyuzi chache juu ya hapo na muda ukizidi, ngozi huungua. Nyuzi chache chini, hufanyi kitu. Asiye na kipimajoto aiache hatua hii.

Mwisho, kausha matunda kabisa. Tunda lenye maji hupunguza nguvu ya mchanganyiko, na utando haushiki.

Kutengeneza mchanganyiko wa wanga

Kwa lita tano, pima gramu 150 za wanga wa muhogo na mililita 30 za gliserini, ambazo ni vijiko viwili vya chakula vilivyojaa sawasawa. Koroga wanga katika lita moja ya maji baridi hadi usione bonge. Pasha lita nne zilizobaki katika sufuria kubwa hadi zianze kutoa mvuke, kisha mimina mchanganyiko wa wanga polepole huku ukikoroga kwa mwiko bila kuacha. Endelea kwenye moto mdogo hadi nyuzi 70 au 75, na udumu hapo kama dakika kumi. Utaona maji meupe kama maziwa yakigeuka kuwa angavu na mazito kidogo. Badiliko hilo ndilo dalili kwamba wanga umefunguka. Si lazima yachemke. Yakibaki meupe, wanga haujaiva na utazama chini ya beseni, na yakiwa mazito kama uji wa mgonjwa, maji yamepungua kwa mvuke na yanapaswa kuongezwa.

Epua, ongeza gliserini, koroga, chuja kwa kitambaa, na uache vipoe hadi joto la kawaida. Kuzamisha tunda katika mchanganyiko wa moto ni kulipika. Mchanganyiko huu utumike siku hiyohiyo. Katika joto la Dar, maji ya wanga yakilala huchacha, na vijidudu vilivyomo vitahamia kwenye kila tunda utakalozamisha kesho yake.

Wapo wanaoongeza matone ya mafuta ya karafuu ili kuzuia ukungu, na ni kweli kwamba mafuta hayo yana uwezo huo. Tatizo ni harufu. Embe lenye harufu ya karafuu haliwezi kuuzwa kwa mtu anayetaka embe, na kwa kiasi ambacho harufu haisikiki, faida nayo huwa ndogo.

Kuzamisha na kukausha

Zamisha tunda lote kwa nusu dakika hadi dakika moja, likigeuzwa ili kovu la kikonyo nalo lifunikwe, kwani hapo ndipo maji mengi hutokea na ndipo uozo hupenda kuanzia. Ndizi zizamishwe kwa chane, si kwa mkungu mzima, na sehemu iliyokatwa ipate utando wa kutosha. Inua, acha michirizi idondoke, kisha weka juu ya wavu au chekeche iliyoinuliwa ili hewa ipite chini. Usiweke juu ya gazeti wala kitambaa. Vitagandamana na utando na kuubandua.

Hatua ya kukausha ndiyo inayoshinda au kushindwa katika jiji hili, na inastahili uangalifu kuliko nyingine zote. Wanga uliolowa ni chakula cha ukungu. Katika nchi zenye hewa kavu, matunda yaliyopakwa yanaweza kuachwa mezani yakajikaushia, lakini hapa, hasa msimu wa masika, yataendelea kunata hadi jioni, na matokeo yake yatakuwa mabaya kuliko kama yasingepakwa kabisa. Tumia feni. Panga matunda safu moja, yasigusane, feni ipige kwa ubavu, na uyageuze mara moja au mbili. Nusu saa hadi saa moja kwa kawaida inatosha. Utando umekauka pale kidole kinapoteleza bila kunata. Fanya kazi hii mchana unyevu wa hewa unapopungua, kivulini, kwa sababu jua kali litapandisha joto la tunda na kuharakisha kile unachotaka kukichelewesha. Mvua ikinyesha mfululizo na umeme ukakatika, ahirisha.

Upakaji mmoja unatosha. Kuna kishawishi cha kurudia mara ya pili na ya tatu kwa imani kwamba utando mnene ni bora. Ukweli ni kinyume: tunda lililozibwa hukosa oksijeni kabisa, huanza kujitegemeza kwa njia ile ile inayotengeneza pombe, na ukilikata utakuta nyama yenye harufu ya tembo na ladha iliyochacha, ingawa ngozi bado inavutia.

Nta kwa machungwa na ndimu

Viwanda hutumia nta iliyovunjwavunjwa katika maji kwa mashine, ikawa kama maziwa, na kuinyunyiza. Jikoni ni vigumu kupata mchanganyiko huo ukatulia bila kutengana. Kwa kiasi kidogo, yeyusha sehemu moja ya nta ya nyuki iliyochujwa pamoja na sehemu tatu za mafuta safi ya nazi, katika bakuli lililowekwa juu ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto moja kwa moja, kwa sababu nta huwaka. Ikipoa itakuwa laini kama marashi mazito. Chota kidogo kwa kitambaa safi, sugua machungwa makavu, kisha uyafute kwa kitambaa kingine kikavu. Kiasi cha punje moja ya harage kinatosha machungwa kumi na zaidi. Ukiona mng'ao wa mafuta au kidole kikiacha alama, umezidisha, na unapaswa kufuta tena. Njia hii ni ya polepole na haifai kwa magunia. Inafaa nyumba, hoteli ndogo, au mtu anayeuza ndimu kwa vikapu.

Kuhifadhi baada ya kupaka

Panga matunda katika kreti au tenga lenye hewa, tabaka mbili zisizidi, mahali penye kivuli na upepo. Usiyafunge katika mfuko wa plastiki usio na matundu, kwani unyevu utajikusanya na kuyeyusha utando wa wanga. Kwa sababu hiyohiyo, tunda lililotoka kwenye jokofu likatokwa jasho linapokutana na hewa ya nje liachwe likauke kabla ya kurundikwa. Jokofu la nyumbani huwa karibu nyuzi 4, na ndizi chini ya nyuzi 13 huwa nyeusi, embe bichi chini ya nyuzi 10 hivi hushindwa kuiva vizuri; utando hauyalindi matunda hayo na madhara ya baridi. Machungwa, ndimu na zabibu zinaweza kuingia.

Kwa mwenye genge, singeshauri kupaka mzigo wote. Matunda yatakayouzwa leo na kesho hayahitaji chochote, na kazi yote itakuwa ya bure. Gawa mzigo: sehemu ya kwanza iuzwe kama ilivyo, sehemu itakayosubiri siku tatu nne ndiyo ipakwe. Hivyo maembe hayataiva yote kwa siku moja, jambo ambalo ndilo humlazimisha mchuuzi kuuza kwa bei ya kutupa. Yakitakiwa kuiva, yawekwe pamoja na ndizi chache mbivu katika chumba chenye joto. Yatachelewa kidogo, lakini yataiva. Kabaidi, ile kemikali inayotumiwa kuivisha matunda kwa haraka, isikaribie, iwe kwa matunda yaliyopakwa au yasiyopakwa, kwa sababu huja na mabaki ya aseniki na fosforasi ambayo hayana nafasi katika chakula.

Kupima kama inafanya kazi

Kila aina ya embe ina ngozi yake, na kipimo kinachofaa dodo huenda kisifae bolibo. Kabla ya kupaka kreti nzima, chukua matunda kadhaa ya mti mmoja au mzigo mmoja, yaliyolingana ukubwa na ugumu, upake nusu na uache nusu, uyatie alama, na uyaweke mahali pamoja. Yapime kwa mizani ya jikoni kila siku. Embe lililokuwa na gramu 400 likafika 380 limepoteza asilimia 5, na matunda mengi huanza kuonekana yamenyauka yanapopoteza kati ya asilimia 5 na 10. Andika pia rangi, ugumu na madoa. Kila baada ya siku mbili, kata moja la kila upande, unuse, uonje. Yaliyopakwa yakiwa na harufu ya pombe, punguza wanga hadi gramu 20 kwa lita na ujaribu upya. Yasipotofautiana na yasiyopakwa, chunguza kwanza kama utando ulikauka na kama matunda yalikuwa bado magumu, kabla ya kuongeza wanga.

Kumweleza mnunuzi

Anayetaka kufunga na kuuza matunda yaliyopakwa chini ya jina la biashara yake anapaswa kuwasiliana mapema na Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula, na kuorodhesha kwenye kibandiko kila alichotumia. Kwa tunda linalouzwa mkononi, maneno mawili ya mdomo yanatosha: limepakwa wanga wa muhogo, au limepakwa nta ya nyuki. Mnunuzi aambiwe pia namna ya kuosha. Utando wa wanga, gundi na mshubiri hutoka kwa maji ya uvuguvugu na kusugua kwa mkono. Wa nta huhitaji brashi laini na maji ya moto kiasi, hasa kwa anayekusudia kukwangua ganda la limau au kutengeneza achari ya ndimu na maganda yake.